Tupeane uzoefu: umewahi kulala Laropi ukisubiri feri?

Wadau habari zenu. Naomba leo tupeane uzoefu wa ile miji midogo ya kando ya Nile huku kaskazini kabisa mwa Uganda, Laropi, Obongi, Pakwach, hata Panyimur, kwa yeyote aliyewahi kufika au aliyezaliwa huko. Wengi tukitoka Kampala tunaijua kwa dirisha la basi tu, unanunua samaki, unavuka maji, umeshasahau. Mi pia nilikuwa hivyo hivyo hadi mwaka jana, kwa hiyo acha nianze mwenyewe.

Kazi yangu ni spea za pikipiki. Natoa mzigo Kampala napeleka mji wa Moyo kila baada ya miezi miwili hivi, napita Gulu, Atiak, Adjumani, nashuka mpaka Umi, pale ndo feri inakubeba inakuacha ng'ambo Laropi na kuanzia hapo uko upande wa Moyo. Kuvuka ni bure, hulipi hata mia. Nimevuka labda mara kumi na tano na kila mara kichwani nina foleni tu, nani yuko mbele yangu, malori mangapi, feri ikirudi itatuchukua au tutabaki.

Sasa siku hiyo narudi kutoka Moyo, nimecheleweshwa na mteja wa kulipa nusu nusu, nafika Laropi kama saa kumi na moja na nusu jioni nakuta feri imefungwa na watu wamekaa chini. Nauliza kuna nini, naonyeshwa mtoni. Mafunjo. Mto ukijaa huko juu mafunjo yanang'oka na mizizi yake yanashikana na magugu maji, kinakuja kisiwa kizima kinatembea na ndege juu yake, na siku ile vilikuwa vinapita kimoja nyuma ya kingine. Hakuna nahodha wa kuingiza feri humo giza likiingia. Tukaambiwa asubuhi.

Nikapata chumba, kitanda, neti, beseni la maji, kilinitosha kabisa. Nikatoka kutafuta chakula nikamkuta mama mmoja chini ya mwembe anakaanga ngege, yaani sato. Anamchanja samaki mistari mitatu kila upande, anaingiza chumvi kwa kidole kwenye kila mstari, mmoja mmoja, wala hana haraka, alafu anamlaza kwenye karai polepole kichwa kwanza. Nilikula na muhogo wa kuchemsha nikaongeza.

Ilikuwa kama saa mbili usiku hivi zikaja pikapu mbili kutoka upande wa Moyo, zimejaa watu, wanawake wengi wamejifunga leso kichwani. Hawakuwa wanasafiri. Walikuja kupokea mwili. Ndugu yao alifariki Kampala, gari la maiti limesafiri mchana kutwa na limefika Umi, ng'ambo pale pale, feri imeshasimama. Yani wao wako huku na marehemu wao yuko kule, maji katikati, na taa za lile gari unaziona.

Wakawasha moto ukingoni. Mzee mmoja wao akamwambia kijana awashe na azime taa za pikapu mara tatu. Kule ng'ambo gari nalo likawasha likazima mara tatu. Basi wale mama wakaanza kuimba, nyimbo za kanisani kwa Kimadi, na wakinyamaza kidogo ukasikia kwa mbali kumbe na wa kule wanaimba, wimbo ule ule, maana sauti juu ya maji usiku inafika. Waliendelea hivyo, hawa wanapokea wale wanajibu, hadi alfajiri. Kina sisi wasafiri hakuna aliyekwenda kulala, madereva wa malori, wafanyabiashara, mama wa samaki akaleta chai ya tangawizi kwenye birika kubwa akakataa hela. Kiboko walikuwa wanakoroma upande wa matete, mtu anaongeza kuni tu tunaendelea.

Asubuhi kama saa moja mafunjo yakawa yamepungua, safari ya kwanza feri ikaenda tupu. Kulikuwa na foleni ya magari upande wetu tangu jana na hakuna hata dereva mmoja aliyesogeza gurudumu, wote walisema iende ikamlete kwanza. Ilipotia ule mlango wake wa chuma kwenye udongo wa Laropi tulivua kofia.

Tangu siku ile sijawahi kupita pale nikasema "nipo kwenye foleni". Karibuni na nyie.

Dereva wa lori:
Pole mkuu na asante kwa hii. Mi naendesha njia hiyo muda mrefu, nimesoma hapa nikanyamaza. Maiti kukwama Umi nimeona si mara moja, na wagonjwa pia, mtu ana rufaa ya kwenda hospitali kubwa upande wa pili na feri iko kwa fundi. Feri ni msaada mkubwa sana hasa kwa vile haitozi lakini ni moja, ikiugua mji wote unaugua. Ndo maana watu wa kule kila kiongozi akija neno la kwanza ni daraja.

Kwa anayetaka kwenda, zamani kipande cha Atiak hadi Laropi, zile kilomita 66, mvua ikinyesha ilikuwa unalala njiani na jembe mkononi. Ukifika ukingoni weka gari gia, handibreki, na jiwe nyuma ya gurudumu, usitegemee handibreki peke yake ule mteremko wa kuingia majini hauna huruma. Na funga vioo ukikaribia mto, mbung'o wa kule anapita kwenye shati. Mtaona kando ya maji vimetundikwa vitambaa vidogo vya bluu vyenye neti nyeusi, msiving'oe jamani, vile vina dawa, mbung'o anavutwa na ile bluu anagusa anakufa, ndo vimesaidia kupunguza malale West Nile, yaani huku kaskazini magharibi. Nilishamwona abiria amekichukua afutie viatu, nikamrudisha akakitundike.

Mwana wa Pakwach:
Nyumbani! Mi ni Mualur, nimezaliwa hatua chache kutoka daraja. Mnaopita kwenda Arua mnatujua kwa samaki wa dirishani, sawa, lakini shukeni siku moja. Nunueni angara, wale waliopasuliwa mgongoni wakafunguliwa kama kitabu na kukaushwa juani na chumvi, mkawapike na odii, ile siagi ya karanga na ufuta. Mkichanganya na nyanya nyingi mnaharibu.

Kuhusu hilo la maji katikati, sisi tumelelewa na hadithi ya Gipir na Labongo. Bibi yangu alikuwa anatusimulia tukikaa ukingoni na mkono anauelekeza mtoni kabisa, si hewani. Tembo kaja shambani, mmoja akamrushia mkuki wa ndugu yake, tembo akaondoka nao. Mwenye mkuki akasema nataka ule ule. Aliyeurusha akaufuata mpaka kwa tembo, akasaidiwa na bikizee, akarudi nao pamoja na shanga nzuri. Siku ya siku mtoto wa yule mwenye mkuki akameza ushanga mmoja, na mwenye shanga naye akasema nataka ule ule. Mtoto akapasuliwa. Ndo wakaja hapa Wang Lei, wakazika shoka kwenye mto, mmoja akabaki upande ule na mwingine akavuka, na kwa masimulizi yetu ndo sisi Waalur tukawa huku na Waacholi wakabaki kule. Nilikuwa mdogo na kila mara nilimuuliza bibi, kwani hawakuweza kuitana kutoka ng'ambo? Sasa nimesoma habari ya nyimbo za Laropi nikamkumbuka sana.

Mwaka 2020 maji yalipopanda yalituingia ndani, kuna nyumba za jirani hadi leo hazipo, ni mafunjo tu.

Dada wa Adjumani:
Nimelia. Msiba ule kama si ule basi ni unaofanana nao, sisi tulikuwa upande wa Umi. Tuliona moto wenu.

Mjukuu wa mkimbizi:
Naomba nami niongeze japo yangu si ya kutembelea. Babu yangu ni Mmadi wa Moyo. Baada ya Amin kuanguka, mwaka 1980 vita vilipoingia West Nile, familia ilikimbilia Sudan kama majirani karibu wote, wakakaa huko miaka. Baba yangu alizaliwa kambini. Walipoanza kurudi huko mwishoni mwa miaka ya 80 ni kwa sababu vita vya Sudan navyo viliwafikia, wakarudi wakakuta nyumba zimemezwa na nyasi, kilichobaki ni miembe, ndo babu alijua boma lake kwa mwembe aliokuwa amepanda mwenyewe.

Sasa mwaka 2016 wenzetu wa Sudan Kusini walipomiminika, Adjumani, Moyo, wengine wakapelekwa Palorinya ng'ambo huku karibu na Obongi, babu alikuwa hai bado. Alikaa kwenye kiti chake barabarani na mtungi wa maji na kikombe kimoja kila siku. Mtu akipita na mzigo kichwani anamnywesha na kumuuliza umetoka wapi, na mara nyingi alikuwa anaijua hiyo sehemu kwa jina, hata mti gani uko wapi, maana alishalima huko. Alikata ardhi yake robo akawapa familia moja walime. Wako mpaka leo, watoto wao wanamwita baba yangu baba mkubwa.

Mwalimu wa historia:
Ukifika Laropi usigeuze kabla hujafika Dufile, ngome ya zamani, uko upande huo huo wa Moyo, unafuata mto kushuka. Mi napeleka wanafunzi. Hakuna kuta wala mnara, ni matuta ya udongo na handaki lililozunguka, na majani, lakini kaa hapo uangalie maji. Mwaka 1874 Gordon, Mwingereza aliyetumikia Misri, alichagua mahali karibu na hapo pa kuungia meli, na baadaye ngome ikajengwa na Emin Pasha alipokuwa gavana wa Equatoria, jimbo la kusini kabisa la Sudan ya Misri. Wanafunzi huuliza kwa nini hapa porini? Jibu ni mto wenyewe. Kutoka Ziwa Albert hadi hapa meli inapita vizuri, ukishapita Nimule yanaanza maporomoko, chombo hakipiti tena. Kwa hiyo meli ya mvuke ilibidi ifunguliwe vipande, ibebwe na watu nchi kavu kuzunguka maporomoko, alafu iungwe tena hapa. Nawaambia wanafunzi wafikirie uzito wa bamba moja la chuma kwenye bega la mtu ambaye hakuna kitabu kilichoandika jina lake. Mwaka 1888 askari wa Emin mwenyewe walimfungia hapo, na Novemba mwaka huo Wamahdi, wapiganaji wa Mahdi wa Sudan, wakaja kuishambulia wakashindwa. Askari wale na familia zao ndo sehemu ya asili ya ndugu zetu Wanubi wa Uganda.

Mgeni kutoka Mbarara:
Mi sijawahi kuvuka Karuma, lile daraja la Nile la kuingilia kaskazini, hata siku moja. Desemba naenda harusi Moyo, bibi harusi ni wa huko. Kiswahili kitanitosha au nijifunze Kimadi? Na nyani wa Karuma ni kweli?

Dereva wa lori:
Nyani kweli, usiwape chakula, wanakaa barabarani kusubiri na wanagongwa.

Mwana wa Pakwach:
Kiswahili kule kinatosha kuliko hata Kampala. Wazee wengi walikuwa jeshini, na Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, masokoni ndo kinachounganisha Mmadi, Mkuku, Mlugbara, Mnubi na mgeni kutoka Juba. Waamkie wazee shikamoo taratibu, upeane mkono na kila mtu aliyeketi hata wakiwa ishirini, usiruke mtu. Hiyo ya kuruka watu ndo wanaikumbuka.

Mwanzisha mada:
Nimesoma zote, asanteni sana. Dada wa Adjumani, kama ni nyinyi, yule mzee aliyewasha taa mara tatu alikuwa amekaa karibu yangu, alituambia ni mjomba wa marehemu, na hakuondoka ukingoni hata kujifunika shuka. Nilitaka mjue hilo.

Ndugu wa Mbarara, panga ufike Umi asubuhi na usipange kitu kingine siku hiyo. Ukivuka, mama wa samaki yuko kushoto unapotoka kwenye feri, mwembe wa pili, si wa kwanza. Kama ananikumbuka mwambie yule wa spea anamsalimia na bado nina deni la chai.