Naomba ushauri: maboksi ya spika za inchi 3 kwa fomubodi, kuta zinavuma na skrubu hazishiki

Mwanga_Sauti
Wakuu, habari za humu. Nataka jozi ya spika za mezani kwa fomubodi ya milimita 5, ile yenye povu katikati na karatasi pande zote mbili, inayouzwa maduka ya stationari kwa ajili ya mabango. Spika zenyewe ni fulirenji (moja inatoa sauti zote, nzito hadi kali) za inchi 3, omu 8. Karatasi ya vipimo inasema Fs (mlio wa asili wa koni) 100 Hz, Qts (jinsi mlio huo unavyozuiwa) 0.55, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) lita 2.2. Amplifaya ni bodi ya TPA3116D2 kwenye adapta ya volti 19.

Boksi la majaribio limefeli kwa mambo matatu: skrubu zimeng'oka, kuta zinavuma mtu mwenye sauti nzito akiongea, na rangi ya kopo la kupuliza imekula povu kwenye kingo. Nikikata upya nifuate vipimo gani? Niweke bomba la besi (la kupitishia hewa ya boksi) au nizibe kabisa?

FundiBoksi
Kaka, kwa Qts ya 0.55 ziba kabisa. Bomba linazipendeza spika zenye Qts ya 0.3 hadi 0.4 hivi. Hiyo yako ukiiwekea bomba utapata nundu ya besi inayovuma kwenye noti moja, halafu chini ya hapo koni inabaki bila hewa ya kuizuia na inacheza ovyo.

Ujazo unatafutwa hivi. Tunataka boksi liishie kwenye Qtc (ile Qts spika ikishafungwa ndani ya boksi) ya 0.707. Gawa 0.707 kwa 0.55, unapata 1.285. Izidishe kwa yenyewe, 1.65. Toa 1, inabaki 0.65. Sasa gawa Vas kwa hiyo: 2.2 kwa 0.65 ni kama lita 3.4. Mlio wa boksi utakuwa Fs mara 1.285, yaani karibu 128 Hz, na kuanzia hapo kwenda chini besi inashuka taratibu.

Nafasi ya ndani iwe upana sm 14, kimo sm 22, kina sm 12. Hiyo ni lita 3.7. Sumaku na mihimili vitakula iliyozidi. Vipande vya boksi moja:

- kuta za pembeni 2, kila moja 22 × 12
- juu na chini, 2 za 15 × 12
- mgongo, 2 za 15 × 23 zilizobandikwa pamoja
- uso, 1 ya 15 × 23, na plaiwudi ya mm 6 ya kipimo hicho hicho mbele yake
- rafu ya ndani, 1 ya 14 × 12, iliyotobolewa madirisha mawili makubwa

Karatasi moja ya A1 (84.1 × 59.4) inatoa maboksi mawili ukiipanga vizuri. Mstari wa kwanza weka 15 × 23 tano. Mstari wa pili ile ya sita, kuta nne za pembeni zikiwa zimesimama, na rafu mbili moja juu ya nyingine. Mstari wa mwisho juu na chini zote nne. Chora kwa penseli kwanza, maana ukikosea mstari wa kwanza hesabu yote inaharibika.

Kuhusu kuvuma: nguvu ya fomubodi iko kwenye zile karatasi mbili. Moja inavutwa na nyingine inasukumwa ukuta unapopinda, povu kazi yake ni kuziweka mbali. Kwa hiyo usibandue karatasi hata sehemu ndogo, na usiache ukuta mrefu bila mhimili. Ubao huu ni mwepesi na mkakamavu, hivyo mlio wake uko juu na hauhifadhi nguvu nyingi. Ila shinikizo la besi linausukuma kama ngozi ya ngoma. Rafu ile iweke sm 9 kutoka chini, usiiweke katikati kabisa. Ukuta ukigawanyika nusu kwa nusu, vipande vyote viwili vitalia noti moja. Kisha chukua mabaki, kata kipande cha upana wa sm 3 kitoke mgongoni hadi nyuma ya sumaku na kibandike pote. Hapo uso na mgongo vinashikana, na uzito wa sumaku hauning'inii kwenye uso peke yake.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla ya rafu na baada yake. Sauti inatoka "dum" inakuwa "tok". Ikibaki "dum", kuna kona haijashika.

BintiKoili
Naongezea hapo kwenye uso. Skrubu haishiki povu, na haitashika hata ukiweka gundi ndani ya tundu. Tumia bolti za mm 4 zipite plaiwudi na fomubodi, nyuma weka washa pana na nati. Kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko tu kwa spana. Ukizidisha, washa inabonyea ndani ya povu na ukakamavu wote wa uso unapotea hapo hapo.

Tundu la spika lina jambo ambalo wengi hulisahau. Uso wako utakuwa na unene wa mm 11, na koni ya inchi 3 inapumulia nyuma kupitia nafasi finyu sana kati ya fremu na ubao. Fomubodi ya nyuma ipanue tundu kwa mshazari, ifunguke kama sahani kuelekea ndani. Usipofanya hivyo sauti za katikati zinakuwa kama za mtu anayeongea ndani ya kopo.

Kukata: kisu chenye wembe wa kuvunja ncha, rula ya chuma, mipito mitatu. Wa kwanza unakata karatasi ya juu tu, wa pili unashuka kwenye povu, wa tatu unamaliza karatasi ya chini. Ukitaka kumaliza kwa mpito mmoja wembe unalala na kingo inatoka mshazari, halafu kona hazifungi. Ukiona povu linatoa chembe kama sukari, wembe umeisha. Vunja ncha.

Gundi: bunduki ya gundi ya moto mdogo. Ile ya moto mkali inachimba povu na kuacha pango usiloliona. Mimina gundi kwenye uso wa karatasi, hesabu hadi tatu, kisha simamisha kingo ya ukuta juu yake na ushikilie. Boksi likishasimama, pitisha mstari mwingine wa gundi kwenye kila kona ya ndani. Huo wa pili ndio unaozuia hewa. Plaiwudi na tabaka mbili za mgongo zibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, safu nyembamba, weka vitabu juu hadi kesho yake.

Pwani_Hz
Rangi za kupuliza, tina, petroli na gundi ya viatu vinayeyusha povu hilo. Tumia rangi ya maji tu, na kingo zilizo wazi zipake kwanza gundi nyeupe iliyoongezwa maji kidogo. Ukipaka upande mmoja wa ubao ambao bado haujajengwa, karatasi inavimba na ubao unapinda. Jenga kwanza, paka baadaye, mikono miwili myepesi.

Kwa tuliopo Dar, Tanga, Mombasa: unyevu unalegeza karatasi pole pole, kwa hiyo paka pande zote, na chini usiache wazi. Pia usiziache ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi ya moto inalainika na kona zinaachia.

Kupima uvujaji: cheza mlio wa 40 Hz kwa sauti ndogo na upitishe kijiti cha udi kwenye kona. Moshi ukitikisika, hapo panavuja.

BintiKoili
Pwani_Hz, samahani, hapo kwenye udi sikubali. Povu hili linashika moto haraka na moshi wake ni mbaya. Akate utepe mwembamba wa tishu, aushike kwa ncha mbele ya kona. Unatikisika vizuri tu.

Pwani_Hz
Kweli dada, tishu inatosha. Mkuu, fuata hiyo, udi achana nao. Njia nyingine: sukuma koni taratibu kwa vidole viwili, ishikilie sekunde chache, uachie. Boksi lililoziba linairudisha polepole. Ikirudi papo hapo, kuna njia ya hewa, na mara nyingi ni pale waya unapotokea mgongoni.

Mwanga_Sauti
Asanteni sana. Maswali mawili. Ndani niweke nini? Na spika hizi zikisimama mbali na ukuta sauti inakuwa kali, nyembamba. Ni tatizo la fomubodi?

FundiBoksi
Ndani weka nyuzi za mto, zijae kwa ulegevu. Ziguse kuta, zisiguse koni.

Ukali huo hautokani na fomubodi. Uso wa sm 15 unasukuma sauti za juu mbele, lakini za chini zinauzunguka na kuelekea nyuma. Gawa 115 kwa upana wa mita 0.15, unapata kama 770 Hz. Ndipo mabadiliko yanapotokea. Tiba ni koili ya milihenri 1 sambamba na rizista ya omu 4.7, wati 10, vyote viwili vikiwekwa katikati ya waya chanya unaokwenda kwenye spika. Koili ifunge kwa utepe wa plastiki kwenye rafu, usiitegemee gundi peke yake, ina uzito. Kama utaziweka sm 10 kutoka ukutani, jaribu kwanza bila hivyo, kwa sababu ukuta unarudisha sehemu ya besi iliyopotea.

Besi ya chini ya 100 Hz usiidai kwenye inchi 3. Ukiihitaji, tengeneza boksi la tatu la plaiwudi ya mm 18 au MDF kwa spika ya inchi 6.5 au 8. Hapo fomubodi haifai hata ukiitia mihimili.

Kabla ya kufunga mgongo, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya. Chanya kwa chanya, koni inaruka nje. Zote mbili ziruke upande mmoja, la sivyo besi zitauana.

Mwanga_Sauti
Nimeelewa. Mbele naweza kufunika kwa khanga badala ya kitambaa cha spika?

BintiKoili
Khanga nzito, iliyofumwa kwa kubana, inameza sauti za juu. Iweke mdomoni upulize, na mkono wako uwe nyuma yake. Usipousikia upepo wa pumzi yako mkononi, hiyo ifunike pembeni na juu tu, mbele tafuta chachi au chandarua cheusi. Kivute kwenye fremu ya vipande vya fomubodi vya sm 1, nacho kisikaribie koni chini ya nusu sentimita.