Matangazo ya moshi angani: anga ni ya nani?

Mwanga_Mdogo (mtoa mada)
Wakuu, hili tulijadili bila matusi. Kuna hii biashara ya ndege kupanda juu, kama mita 3,000 hivi, ikatoa moshi mweupe na kuandika jina la bidhaa. Bango la barabarani unalipita, redio unaizima, gazeti unalikunja. Anga utaikunja vipi? Uingereza waliyapiga marufuku mwaka 1960, wakakaa miaka sitini, halafu 2020 serikali ikatangaza kuyarudisha. Honolulu, mji wa Marekani, wao hawataki hata ndege inayokokota bango, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Marekani iliwaunga mkono. Mimi nasema yafungwe, anga si ya mwenye uwezo wa kukodi ndege. Na msiniletee habari za wanaoposa kwa moshi. Mwanamume anayeposa kwa ndege anaogopa kuulizwa maswali ana kwa ana.

Kipanga77
Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka pale mwisho. Mimi niliposa kwa moshi. Miaka tisa sasa, watoto wawili. Woga uko wapi hapo? Andika jina la mtu juu, watu wote wainue shingo, halafu usubiri jibu. Wewe ungezimia.

Bi_Tatu
Kipanga kaka yangu, sasa huyo dada angekataaje mbele ya kadamnasi? Huyo hakuposwa, alizingirwa 😂

Rula
Tusihame mada. Mwanga, hiyo kesi ya Honolulu umeitaja nusu. Waliokwenda mahakamani hawakuwa wauza sabuni, kilikuwa kikundi cha wapinga utoaji mimba kilichotaka kupitisha picha zake juu ya fukwe. Kwa hiyo ukifunga anga humfungii mfanyabiashara peke yake, unamfungia na mtu mwenye ujumbe wa siasa, wa dini, wa kulalamikia serikali. Hapo ndipo penye mjadala. Je, uko tayari kwa hilo?

Sultani_wa_Maneno
Dalili ya mvua ni mawingu, dalili ya mauzo ni moshi. Mwenye macho haambiwi tazama. Hawa jamaa ndio waliolielewa soko! Wamarekani walianza zamani, 1922, New York nzima ikasimama kutazama.

Rula
Walioanza ni Waingereza. Meja Jack Savage ndiye aliyeitengeneza kazi hii, na rubani wake Cyril Turner akaandika jina la gazeti, DAILY MAIL, juu ya mbio za farasi za Epsom, mwaka huohuo 1922. New York walikwenda baadaye. Wakaandika HELLO USA, kisha wakaandika namba ya simu ya hoteli. Zinatajwa simu 47,000 zilizopigwa ndani ya saa chache. Kampuni ya sigara ikawadaka hapohapo.

Sultani_wa_Maneno
Rula kila mahali lazima umsahihishe mtu. Nimesema 1922, na ni 1922. Shukuru basi.

Ndege_Chini
Kipanga, tuambie uliandika nini. Maana ule moshi haukai, ukimaliza herufi ya mwisho ya kwanza imeshakuwa pamba.

Kipanga77
UTAOLEWA NAMI? Upepo ukala alama ya kuuliza.

Bi_Tatu
Kwa hiyo ikabaki UTAOLEWA NAMI. Amri kutoka juu 🤣🤣 Nilisema mimi, alizingirwa!

Jicho_la_Tatu
Mnacheka, wenzenu wanapuliziwa sumu. Kila siku ndege zinapita zinaacha mistari myeupe, hakuna anayehoji. Matangazo ni kisingizio tu.

Fundi_Mabawa
Jicho, unachanganya vitu viwili. Mistari ya ndege za abiria ni mvuke wa maji uliomo kwenye moshi wa injini, unaganda kwa baridi ya huko juu. Wa kuandikia ni mafuta mepesi ya madini: yanaingizwa kwenye bomba la moshi likiwa la moto, yanageuka mvuke, yakikutana na hewa yanakuwa ukungu mweupe. Wale marubani wa jeshi la majini la Marekani waliochora uchi wa mwanamume juu ya jimbo la Washington mwaka 2017 hawakubeba mafuta ya kuchorea. Walitumia huo mvuke wa kawaida tu.

Ndege_Chini
Ngoja, ngoja. Walichora nini??

Sultani_wa_Maneno
Kodi za wananchi zikifanya kazi.

Bi_Tatu
Jeshi zima. Na huyo rubani akirudi nyumbani anasema alikuwa kazini.

Jicho_la_Tatu
"Mafuta mepesi." Mepesi ukiyanywa wewe?

Fundi_Mabawa
Sijasema yanywewe, nimesema yanavyofanya kazi. Umeulizwa ushahidi unaniletea kikombe.

Mwanga_Mdogo (mtoa mada)
Kipanga, sikukutaja wewe binafsi, umejivika mwenyewe. Na bado nasema ni woga.
Haya, tuseme moshi unatoweka baada ya dakika chache, hauna kelele za kudumu. Droni je? Mwaka 2022 New York waliwasha droni 500 juu ya mto Hudson kutangaza mchezo wa simu. Usiku! Ndege hai nazo zinapita hapohapo. Upepo hauzifuti hizo.

Rula
Kwa hiyo mada sasa ni droni?

Mwanga_Mdogo (mtoa mada)
Mada ni anga.

Kipanga77
Amekubali moshi hauna neno. Andikeni hiyo.

Mwanga_Mdogo (mtoa mada)
Sikusema hivyo. Soma tena taratibu, leta na yule rubani wako akusaidie.

Rula
Na swali langu la ujumbe wa siasa? Hakuna?

Ndege_Chini
Rula pumzika kidogo ndugu yangu. Kipanga, upepo umekula alama, herufi zinayeyuka, yeye akasemaje?

Kipanga77
Akaniuliza kumeandikwa nini, miwani aliiacha nyumbani.

Bi_Tatu
😭😭😭 Ukafanyaje?

Kipanga77
Nikamsomea.

Mwanga_Mdogo (mtoa mada)
Ana kwa ana?

Kipanga77
Ndiyo. Na jasho lilinitoka, kama ulikuwa unataka kujua.

Jicho_la_Tatu
Jasho hilo ni dalili ya yale mafuta.