Anayeanza filimbi ya bati: ya kiwandani inatosha au atafute ya fundi?

Mbayuwayu:
Wakuu, habari za humu. Nataka kujifunza filimbi ya bati ya Kiayalandi, ile ya D (noti yake ya chini kabisa, matundu yote yakizibwa) yenye matundu sita. Za kiwandani kama Generation na Feadóg ni kama Yuro 10 hadi 15. Za mafundi, zinazotengenezwa moja moja kwa mkono, nyingi zinavuka 100. Je, mtu anayeanza atafaidi tofauti hiyo? Niliyoazima ni ya kiwandani: D ya chini inarukia juu, na A na B za oktava ya pili (ngazi ya sauti za juu) zinachoma masikio.

Pwani_Kusini:
Kabla ya kuilaumu filimbi, ipime. Ziba matundu yote sita kwa selotepu, kandamiza kingo zisivuje, kisha puliza taratibu kama unapooza chai. D ikitoka safi, tatizo ni vidole.

Mvujo huwa zaidi kwenye tundu la tano kutoka mdomoni, ambalo kwa filimbi nyingi za D ndilo kubwa kuliko yote, au la sita, ambako kidole cha pete kinafika kwa taabu. Kandamiza sekunde chache halafu tazama kidole: tundu litakuwa limejichora kwenye ngozi. Duara likiwa na pengo, pengo ndiko hewa inakopita. Ziba kwa nyama ya kidole, si kwa ncha.

D ikiruka hata kwa selotepu na pumzi ndogo, kichwa (kipande cha kupulizia) ndicho kibovu. Filimbi mbili za kiwandani za chapa ileile zinaweza kutofautiana sana.

Kalibu:
Kipimo ni sahihi, mkuu, lakini ya fundi mzuri inamfaa hata anayeanza. Fundi hupuliza kila filimbi kabla ya kuiuza, oktava zote mbili zinapatana, na nyingi zina kichwa kinachoteleza ili uziweke sawa na ala nyingine. Sikio bado changa likizoea B iliyopanda kidogo, kulirekebisha baadaye ni kazi kubwa.

Ila "ya mkono" si lazima iwe nyepesi. Zipo zinazotengenezwa zisikike katikati ya fidla na akodiani, na oktava ya pili inadai msukumo ambao mgeni hana. Nyingine zina mfereji mwembamba wa pumzi (njia ya hewa ndani ya kichwa), unajaa unyevu upesi. Mwulize fundi: inahitaji msukumo gani juu, sauti yake ni kubwa kiasi gani, kichwa kinateleza? Akishindwa kujibu, usinunue.

Mti_na_Bati:
Mimi ningeanza na ya kiwandani, niitengeneze. Chovya kichwa cha plastiki kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja, gundi ilegee, kisha kizungushe ukivuta, usikipinde. Ndani, chini ya mfereji wa pumzi, kuna uwazi. Ujaze kwa ile gamu laini ya kubandikia picha ukutani, iwe sawasawa na ukuta wa dirisha (uwazi wa juu ya kichwa unakotokea sauti). Ikichomoza dirishani, D ya chini inakabwa. Nyuzinyuzi za plastiki kwenye makali (ukingo wa dirisha unaokata pumzi) zikwangue kwa wembe, taratibu sana, maana makali yakiliwa hayarudi. Ukirudisha kichwa, acha milimita 2 au 3 nje: ukivuta sauti inashuka, ukisukuma inapanda.

Ikikwama kwa unyevu, ziba dirisha kwa kidole upulize kwa nguvu. Tone la sabuni ya vyombo likipitishwa mferejini na kuachwa likauke husaidia pia.

Na tusisahau Afrika Kusini: miaka ya 1950 wapiga filimbi akina Spokes Mashiyane walipiga kwela, muziki wa mitaani wa huko, kwa filimbi za kiwandani za bei ndogo, wakiziinamisha mdomoni ili sauti inenepe. Ule ni ufundi wa hali ya juu kabisa.

Mbayuwayu:
Nimeweka selotepu. D imetoka safi. Kidole cha pete kina nusu duara tu, upande wa kiganjani hakuna alama.

Pwani_Kusini:
Basi hapo usinunue kitu bado. Kidole hicho umekikunja, ncha ndiyo inayogusa. Sogeza kiganja cha kulia mbele kidogo, nyoosha vidole vilale juu ya bomba, na kidole kidogo kiegemee chini ya tundu la sita. Shika D sekunde 5, inua kidole cha pete upige E, rudisha. Mara 20, pumzi ileile. A na B za juu zitazame baada ya hapo: zinachoma pale mtu anaposukuma kwa hofu kwamba zitaanguka, kwa hiyo punguza hadi zianguke kweli, kisha ongeza kidogo tu.