Uwanja mpya wa Yanga Jangwani: maji yataenda wapi?

Wakuu, nimezaliwa Mtaa wa Twiga, Dar es Salaam, jirani na klabu ya Yanga. Kaunda, uwanja wa zamani wa klabu, nimecheza peku utotoni. Uwanja mpya nautamani sana, ila ukutani kwetu alama ya mafuriko inanifika kifuani. Wakimwaga kifusi kuinua uwanja, maji si yatahamia kwetu?

— Mkuu, ndiyo maana kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wa kudhibiti mafuriko ya mto huo, na daraja la Jangwani linyanyuliwe. Mto kwanza, uwanja baadaye.

— Na mama lishe wa pale nje? Wapewe vizimba vya biashara kabla tingatinga halijafika.

— Mimi Simba damu, lakini Kariakoo ni yetu sote. Naunga mkono vizimba.

— Asanteni. Mama yangu anakaanga chapati palepale, kesho namwambia.