Graf von Götzen ya 1:100: vanishi imeweka ukungu, kutu inaonekana ya kupaka

Tezi_Omo

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwenye modeli ya Graf von Götzen, ile meli ya Wajerumani ya Ziwa Tanganyika ambayo leo ni Liemba, kipimo cha 1:100, urefu sentimita 71 na ushee. Bodi ni plaiwudi ya milimita 3 iliyovikwa plastiki ya nusu milimita, vyumba vya juu ni plastiki tupu. Nilivyo navyo: praima ya kijivu ya spreyi (ile ya magari), akriliki za kijivu za kupiga kwa eabrashi (brashi ya upepo), tyubu chache za rangi za mafuta za wachoraji, vanishi za kopo, yaani ya mati (isiyong'aa) na ya kung'aa, tina na tapentaini kutoka duka la vifaa vya ujenzi hapa Kigoma mjini.

Nimekwama sehemu tatu:

1. Vanishi ya mati nimepiga juzi saa kumi na mbili jioni, mvua ikiwa imekatika tu. Ubavu wa kushoto umekuwa mweupe-mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Ubavu wa kulia sijaugusa, una kijivu peke yake.

2. Maji ya rangi (rangi iliyozimuliwa sana) ya kahawia niliyopitisha kwenye maungio ya mabati kabla ya hiyo vanishi yameacha duara-duara, mfano wa chai iliyokaukia kwenye sahani.

3. Kutu. Nimegonga kwa sponji ubavu wa kushoto wote na sasa meli inafanana na chui. Nipunguze wapi, niache wapi?

Meli yenyewe nataka iwe ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, si Liemba ya leo.

---

Sitaha_ya_Juu

Mkuu, la kwanza umeshalijibu mwenyewe: saa kumi na mbili jioni, baada ya mvua. Kimiminika kilichomo kwenye vanishi ya kopo kinakauka haraka na kuupoza uso wa kazi. Uso ukishapoa na hewa imejaa unyevu, vitone vidogo mno vya maji vinatua juu ya vanishi kabla haijakauka. Huo ndio weupe unaouona. Ipo sababu ya pili inayofanana nayo kwa macho: unga unaoua mng'ao, ambao hukaa chini ya kopo, haukuchanganyika. Kopo la mati litikise dakika 2 kamili tangu gololi ianze kulia. Watu wengi wanatikisa mara tano na kupuliza.

Usikwangue kitu bado. Subiri siku kavu, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umande umeshakwisha na jua halijawa kali. Piga koti moja jembamba la vanishi ya kung'aa kutoka sentimita 20 hadi 25. Mara nyingi ukungu unatoweka palepale, maana vanishi mpya inajaza vijishimo vinavyotawanya mwanga. Acha saa 24, kisha ndipo urudi kwenye mati: makoti mawili mepesi, usipige moja zito. Weupe ukibaki hata baada ya vanishi ya kung'aa, basi ni unga umerundikana, na hapo dawa ni msasa wa maji namba 2000 na maji ya sabuni, taratibu, halafu kijivu upya kwenye eneo hilo.

Ila usikimbie unyevu ukaangukia mchana wa jua kali. Saa nane plastiki ina joto, rangi inakauka hewani kabla ya kufika, na unapata chenga. Ukipitisha kidole utadhani msasa. Dalili zinatofautiana: ukungu ni laini ukiugusa, chenga zinakwaruza.

Kwa wanaotumia kompresa msimu huu wa mvua: maji yanajikusanya kwenye mpira wa upepo. Bila chombo cha kunasa maji karibu na eabrashi, ipo siku itatema tone katikati ya ubavu. Presha 15 hadi 20 psi inatosha, akriliki iwe nyepesi kama maziwa yasiyoganda.

La pili ni mpangilio. Umepitisha maji ya rangi juu ya akriliki ya mati, na uso wa mati unanyonya kama gazeti. Rangi ikishatua haisogei tena, inakauka kwenye kingo za tone, ndiyo hiyo duara. Kati ya kijivu na maji ya rangi lazima pawepo vanishi ya kung'aa, iliyokauka angalau siku nzima.

Ubavu wa kulia, ambao bado msafi, uende hivi. Kamua rangi ya mafuta kiasi cha punje ya mahindi juu ya kipande cha boksi, uiache nusu saa. Boksi linafyonza mafuta yaliyozidi, utaona doa limeizunguka. Ukiruka hatua hii rangi itakaa siku nne haijakauka, na itang'aa. Kisha chukua sehemu 1 ya rangi kwa 10 hadi 15 za tapentaini. Gusa ungio kwa ncha ya brashi namba 0 na uache rangi ikimbie yenyewe kufuata mfereji, usiivute. Baada ya dakika 20 hadi 30 chovya brashi bapa kwenye tapentaini, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki na unyevu tu, kisha pitisha kutoka juu kwenda chini. Daima juu kwenda chini, hata pale ungio limelala, kwa sababu mvua hainyeshi kwa upande.

Duara zako za ubavu wa kushoto sasa ziko chini ya vanishi, tapentaini haitazifikia. Zifunike kwa koti hafifu la kijivu, siku hiyohiyo utakayorekebisha ukungu.

Tina iondoe kwenye meza hiyo kabisa. Inakula akriliki na inakula plastiki. Kazi yake iwe kuoshea eabrashi. Mafuta ya taa nayo usijaribu kuyaweka badala ya tapentaini. Yanaacha utelezi usiokauka, na mati juu yake itabanduka kama ngozi ya nyoka.

---

Mkuku

Nichukue la tatu, maana hapo tatizo si mkono, ni kalenda.

Götzen ilishushwa majini Kigoma Februari 1915, ikaanza kazi Juni 1915, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Yaani ni kama mwaka mmoja na nusu majini, tena maji baridi, si ya chumvi. Meli changa namna hiyo haina kutu ya bodi nzima. Mbinu nyingi tunazoziona kwenye picha za modeli za meli za kivita ni za meli zilizokaa baharini miezi bila kupakwa rangi: mistari mirefu ya kutu, weupe wa chumvi, na chaza wamejishika chini ya mstari wa maji. Chumvi Tanganyika hakuna, wala chaza wa kung'ang'ania bodi. Ukiviweka, mtoto wa Kibirizi anayeona maboti kila siku atakushangaa.

Kwa hiyo kutu iweke sehemu nne tu: tundu la nanga, matundu ya kumwaga maji ya sitahani, kingo za ngazi na milango ambako viatu na mikono hupita, na pale bodi inaposuguana na gati. Kwingine futa.

Na pima. Kwa 1:100, milimita 1 ni sentimita 10 za meli halisi. Hayo madoa yako ya sponji kama yana milimita 3, ni mabaka ya sentimita 30, sawa na sahani kubwa ya wali, na umeyamwaga ubavu mzima. Banduko la rangi la kuaminika lisizidi nusu milimita. Kata sponji ya kuoshea vyombo upande ule mgumu, kipande kama ukucha, chovya kwenye kahawia nzito karibu na nyeusi, kisha kigonge kwenye karatasi mpaka kiache alama ambazo huzioni vizuri. Hapo ndipo uguse modeli.

Mistari ya kutu chini ya tundu la nanga: weka nukta ya rangi ya mafuta, kahawia nyekundu, ndogo kama kichwa cha pini. Subiri dakika 10. Brashi bapa yenye unyevu wa tapentaini, vuta chini mara mbili au tatu, kila mara ukifuta brashi. Urefu usipite sentimita 1, ambayo tayari ni mita nzima. Kutu iliyozeeka ni nyeusi-kahawia na iko kwenye chanzo. Ile ya chungwa ni mpya, na iko pembeni na chini. Wengi wanageuza, chungwa inakaa katikati, ndiyo maana inaonekana ya kupaka.

Kilicho kingi kwenye meli hii ni jua na vumbi. Kigoma iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, jua liko utosini, basi nyuso zilizolala zinapauka kuliko zilizosimama. Kwenye kijivu cha sitaha na mapaa ongeza nyeupe kama sehemu 1 kwa 8, ubavu uache kama ulivyo. Hilo peke yake linaipa modeli uhai kuliko kutu yote uliyogonga. Kwenye mstari wa maji weka ukijani wa mwani, rangi ya mafuta iliyokufa, si kijani cha majani, upana wa milimita 2, ukingo wa juu usinyooke. Vumbi jekundu weka sitahani mahali pa kupandia shehena: chota la barabarani, lichekeche kwa kitambaa cha soksi ya nailoni, lipake kavu kwa brashi laini kabla ya koti la mwisho la mati. Kumbuka mati itafifisha nusu ya vumbi lako, kwa hiyo zidisha kidogo.

Masizi ya dohani yanafanywa kwa vumbi la mkaa lililosagwa, kuanzia mdomoni, na upande unaotazama tezi (nyuma ya meli). Meli ikienda mbele moshi unalala nyuma. Dohani iliyochafuka mviringo mzima ni ya meli iliyofungwa gatini.

---

Dohani_Moja

Naungana na Mkuku karibu kote, ila nisitupe kutu nzito moja kwa moja. Kuna Götzen nyingine: ile iliyoibuliwa na Waingereza 1924 baada ya kukaa chini ya ziwa, ikakarabatiwa na kurudi kazini Mei 1927 kwa jina la Liemba. Anayetaka hali ya 1924 hawezi kuipata kwa sponji, anahitaji spreyi ya nywele.

Piga kahawia ya kutu bodi nzima, mabaka mabaka ya rangi mbili tatu. Funika kwa vanishi, acha siku. Spreyi ya nywele makoti mawili mepesi, dakika 15 hadi 20. Kisha kijivu cha akriliki, koti jembamba. Ndani ya saa moja lowesha kwa maji ya uvuguvugu na usugue kwa brashi ngumu iliyokatwa fupi, ukichokoa kwa kijiti cha meno. Kijivu kinabanduka na kutu inachungulia. Ukichelewa hadi kesho haitatoka. Na lazima kijivu kiwe cha maji. Rangi ya mafuta ya milangoni haibanduki hata uloweke ziwani. Kingine kinachoharibu ni kulowesha eneo kubwa kwa mara moja: kijivu kinatoka kwa vipande vikubwa kama karatasi. Lowesha sentimita 5, maliza, endelea.

Matope yawe chini na kwenye pembe za sitaha.

Na wewe Tezi_Omo, hiyo plaiwudi uliipaka sila (dawa ya kuziba mbao) kabla ya kuvika plastiki? Kama haikuzibwa ndani na nje, unyevu wa masika utaivimbisha, na maungio ya plastiki yatapasuka rangi hata vanishi iwe nzuri vipi.

---

Tezi_Omo

Shukrani sana wakuu. Nje nimepaka sila mara mbili na kupiga msasa namba 240 na 400, ndani bado. Nitafungua sitaha niipake kabla haijafungwa moja kwa moja.

Kutu nafuta, naacha sehemu nne. Swali la mwisho: mzinga wa omo (mbele ya meli). Nimeutengeneza ule ambao tundu lake halisi ni sentimita 10.5, na mtutu kwenye modeli una urefu wa sentimita 4.2. Niupitishe penseli ili kingo zing'ae chuma, au niache kijivu?

---

Mkuku

Inategemea mwezi uliouchagua. Mzinga huo ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani, ambayo ilizamishwa Rufiji Julai 1915, kwa hiyo modeli ya Juni 1915 isiwe nao. Kuanzia hapo hadi ulipoondolewa 1916, ndiyo: kwangua unga wa penseli ya 2B kwenye karatasi, chukua kwa ncha ya kidole, na upake mdomo wa mtutu na sehemu ya kufungulia nyuma tu. Fanya hivyo baada ya mati ya mwisho, vinginevyo vanishi inaua mng'ao.

Ukichagua Julai 1916, mzinga halisi ulishapelekwa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na pale omo palisimama wa bandia, wa mbao. Huo usipake penseli hata kidogo. Kijivu kilekile cha bodi, mati, na kama mkono wako ni mwepesi, chora nyufa mbili tatu za mbao kwa ncha ya sindano, urefu wa milimita 5, kufuata mtutu.