Tupeane uzoefu: tukio mliloliita uchawi, kumbe lina sababu zake

Mgosi wa Muheza
Wakuu, salaam. Shemeji yangu kaja kutoka Dodoma, jana usiku komba akalia kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Watu wa Tanga mnakijua kile kilio, mtoto mchanga mtupu. Shemeji kakesha sebuleni taa inawaka, asubuhi ananiuliza ni nani huku katupa mtoto. Nimecheka, ila nimekumbuka mengi. Haya, lipi mliliogopa mkasema ni ushirikina, baadaye mkakuta ni mambo ya kawaida tu?

Mama Tatu
Komba huyo huyo alimtoa mume wangu nje na panga saa nane usiku. Sina la kuongeza.

Fundi Paa
Mimi naezeka nyumba. Simu hizi nimezizoea: "Fundi, kuna watu wanatembea juu ya paa langu." Namuuliza saa ngapi? Saa moja, saa mbili usiku. Bati limekula jua mchana kutwa limetanuka, giza likiingia linapoa linajivuta, misumari inalia ta! ta! ta! Lipo hata mchana, wingu zito likifunika jua ghafla. Mchawi gani huyo anafuata hali ya hewa?

Kapelo
Na mawe juu ya bati je? Kwetu yalirushwa msimu mzima.

Fundi Paa
Una mti wa mkungu karibu?

Kapelo
Upo.

Fundi Paa
Popo hao. Wanabeba kungu, wanaguguna nyama yake, kokwa wanaachia popote. Okota asubuhi uone alama za meno.

Kapelo
Nimekuelewa fundi, ila siokoti kitu mimi.

Ng'wana Shinyanga
Nilikuwa nasoma kimya kimya, acha nami niseme. Mjomba wangu alichimba kisima kirefu cha kumwagilia nyanya. Wanaotumia mashine za petroli za kuvuta maji wanajua, ikikaa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi. Kwa hiyo watu hutengeneza kichanja cha mbao ndani ya kisima, mashine inafungwa humo humo. Siku hiyo iliunguruma weee, ikazima. Kijana wa kazi akashuka kuiwasha. Kimya. Tunaita, haitiki. Mdogo wake akashuka kwa kamba, alipofika nusu mikono ikaachia, tukasikia maji tu. Mjomba akavua shati na yeye ashuke. Mkewe akamkumbatia miguu, akapiga yowe mpaka kijiji kikajaa. Lile yowe ndilo lililomponya.

Mganga akafika kabla ya zimamoto. Akasema kisima kimechimbwa juu ya kaburi, mwenyewe anataka mbuzi mweusi. Mbuzi akachinjwa. Jioni zimamoto wakaja, mmoja akavaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, akashuka, akawatoa wote wawili, akapanda mzima. Akatueleza ni moshi wa mashine: sumu yake haina rangi wala harufu, inachukua nafasi ya hewa safi kwenye damu, na mle shimoni haikuwa na pa kutokea. Mganga akajibu kwamba yule amepanda mzima kwa sababu mbuzi alishatolewa. Mpaka leo watu wamegawanyika, na kisima kimefukiwa.

Mama Tatu
Pole sana baba. Mungu awalaze mahali pema.

Kijukuu cha Bibi
Kabla ya kushuka kisimani shusha kibatari kwa kamba. Kikizima, usishuke. Wazee walijua.

Nesi wa Zamu
Usiwaponze watu. Kibatari kinazima hewa ikiwa haba. Moshi wa mashine unakuua kibatari kikiwaka vizuri tu, sawasawa na jiko la mkaa chumbani. Nyanda za juu wakati wa baridi, familia imelala na jiko milango imefungwa, asubuhi majirani wanasema wamelogwa.

Kijukuu cha Bibi
Basi shusha kuku.

Kapelo
Shusha shemeji wa Dodoma.

Mtu wa Goma
Hapa kwetu Goma kuna mazuku. Si moshi wa mashine, ni hewa nzito inatoka ardhini kwenye mawe ya volkano, inalala mashimoni. Usiku upepo ukitulia inajaa. Asubuhi unakuta mbuzi na ndege wamekufa pamoja, jeraha hakuna. Mtu mzima anaweza kupita amesimama akapona, mtoto aliye naye akabaki, kwa sababu kichwa chake kiko chini. Na kule Kameruni, Ziwa Nyos, Agosti 1986, hewa hiyo hiyo ilibubujika usiku ikateremka mabondeni, watu kama 1,700 wakafa. Msicheze na mashimo.

Sina Cheti
Nyie wa sayansi mnatueleza sumu ilivyoingia kisimani. Haya, kwa nini imkute yule kijana? Mjomba si alikuwa anashuka humo siku zote?

Fundi Paa
Alikuwa anashuka kabla mashine haijawashwa.

Sina Cheti
Ulikuwepo?

Ng'wana Shinyanga
Mimi nilikuwepo. Fundi kasema kweli. Na nyama ya mbuzi aliondoka nayo mganga.

Mzenji
Mmesahau kukabwa. Unguja mwaka 1995 watu wazima walilala nje barazani wakimkimbia Popobawa, jini waliyesema anakaba watu usiku. Hadithi zilifanana: macho yanaona, kifua kizito, mkono haunyanyuki. Nesi nisahihishe, si ubongo umeamka viungo vikiwa bado usingizini?

Nesi wa Zamu
Ndiyo, hasa ukilala chali. Na ule usingizi wa hofu, wa kushtuka shtuka, unazidisha.

Sina Cheti
Nesi naye kila kitu anacho jibu.

Bwana Pampu
Poleni wafiwa. Pampu za kuzama zipo, inashuka pampu, mtu anabaki juu. Za umeme na za sola. Karibuni inbox.

Mama Tatu
Jamani, hata msibani unauza?

Ng'wana Shinyanga
Mwache mama. Ya sola bei gani?