Lisbon kwa miguu, sauti sikioni: simu isizime na mzee asichoke

Mzururaji_Ilala

Wakuu salaam. Tunakwenda Lisbon watu watatu, siku mbili kamili, Jumatatu na Jumanne. Kufuata mtu mwenye bendera hatutaki. Tunataka kupakua ziara ya sauti kwenye simu, tutembee kwa mwendo wetu.

Nina mambo matatu. Simu zetu ni Tecno mbili na Samsung ya kawaida, na bando la kule sina uhakika nalo: hizi ziara zinakwenda bila mtandao? Mmoja wetu ni mzee, magoti yanamsumbua na Kiingereza hakipandi, na sauti nilizoziona ni za Kiingereza, Kireno na Kifaransa. Mwisho, naambiwa mji ule ni vilima vitupu. Njia ipi haimtoi mtu roho? Na kama kuna kitu kinachotuhusu sisi watu wa pwani, tafadhali nisije nikakipita.

Fundi_Ramani

Karibu mkuu. Bila mtandao zinakwenda vizuri, ila kazi yote ifanyike kabla ya safari.

Programu kama izi.TRAVEL na VoiceMap zina kitufe cha kupakua ziara nzima pamoja na ramani yake. Pakua kwa wai-fai, weka simu kwenye hali ya ndege, kisha cheza kituo cha kwanza, cha katikati na cha mwisho, kila kimoja nusu dakika. Kisichocheza nyumbani hakitacheza kichochoroni. GPS yenyewe haili bando. Kinachokula bando ni ramani ambayo hukuipakua. Google Maps usiitegemee hapa: eneo utalipakua, lakini bila mtandao inaelekeza gari tu, mtembea kwa miguu haimpi njia. Organic Maps inampa, na ni ya bure.

Sasa Tecno. Hizo, pamoja na Infinix na Xiaomi, zina tabia ya kuua programu iliyo nyuma skrini ikizimika. Unatembea, sauti inakatika katikati ya sentensi, unadhani ziara ni mbovu. Ingia kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya ziara, ondoa kizuizi cha kutumia betri ikiwa nyuma. Kisha fungua orodha ya programu zilizo wazi uifungie kwa alama ya kufuli. Ruhusa ya mahali iwe ya mahali hasa, siyo ya kukadiria, la sivyo sauti haitajianzisha.

Pia, bila mtandao simu huchukua dakika kadhaa kujua ilipo. Iwashe ukiwa Praça do Comércio, uwanja mpana, mbingu wazi. Ukiiwashia ndani ya Alfama, mtaa wa kale wa kilimani, utazunguka na doti ya bluu inayoruka kutoka paa hadi paa. Vichochoro vya kule ni vyembamba, mawimbi ya setelaiti yanagonga kuta kabla ya kufika kwako, simu inaamini uko mtaa wa pili na kuanza kukusimulia kanisa ambalo hujalifikia. Kwa hiyo sauti ijianzishe yenyewe kwenye mitaa ya Baixa tu, eneo tambarare la katikati ya mji lenye mitaa iliyonyooka. Ukianza kupanda au kushuka Alfama, kuzime, bonyeza vituo kwa namba.

Hedifoni, sikio moja tu. Tramu inapita mahali ambapo mtembea kwa miguu anabana mgongo ukutani, na kengele yake ndiyo onyo pekee utakalopata. Pawa benki ya mAh 10,000 inawatosha watatu kwa siku.

Mpanda_Ngazi

Nakubaliana na Fundi. Naongezea njia, kwa kuwa ndiyo inayomuumiza mzee.

Ziara nyingi zimepangwa na mtu mwenye magoti mazima. Kanuni ni moja: panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Jumatatu asubuhi anzeni Praça do Comércio. Kutoka pale hadi uwanja wa Rossio kwa Rua Augusta haifiki kilomita moja na ni tambarare tupu. Sakafu ya Rossio imechorwa mawimbi kwa mawe meusi na meupe, inadanganya macho; mzee anaweza kudhani anateremka, mwambieni mapema. Mawe yale ya chokaa yamesuguliwa na miguu hadi yanang'aa, na mvua ikiyagusa yanakuwa sabuni. Viatu vya soli ya mpira, siyo ya ngozi.

Pembeni ya Rossio ingieni kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, na walipolirudishia paa hawakuficha jeraha: nguzo zimepasuka na kumeguka kwa moto, ukiinua macho unaona vipande vilivyobanduka jiwe zima. Hapo sauti izimeni. Ni kanisa linalosaliwa, na isitoshe hakuna maelezo yanayoweza kuzidi zile nguzo. Nje kuna ukumbusho wa Wayahudi waliouawa katika mauaji ya mwaka 1506. Karibu yake pana kibanda cha kuuza ginja ambapo karibu kila ziara inakusimamisha; ni pombe ya cheri, asiyekunywa apite.

Kwenda Largo do Carmo, uwanja ulio juu kilimani, msipande kwa miguu. Ingieni stesheni ya metro ya Baixa-Chiado kwa mlango wa Rua do Crucifixo, fuateni ngazi za umeme hadi mtokee Chiado juu. Tiketi haihitajiki kwa sababu hampiti kwenye mageti. Ngazi zenyewe huharibika mara kwa mara, basi angalieni kabla mzee hajaanza. Largo do Carmo ndipo Marcelo Caetano, waziri mkuu wa Ureno, alipojisalimisha tarehe 25 Aprili 1974, utawala wa kidikteta ukaanguka. Wenyeji wa Dar hapa pana lao: FRELIMO iliyopigana na jeshi la utawala ule makao yake yalikuwa Dar es Salaam, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Baada ya chakula, basi namba 737 kutoka Praça da Figueira linawafikisha karibu na lango la ngome ya São Jorge. Kutoka hapo kila kitu ni kushuka: Portas do Sol, Santa Luzia, kanisa kuu la Sé, Casa dos Bicos, na mnarudi Praça do Comércio. Mkikuta ziara yenu ya Alfama inapanda, chezeni vituo kinyumenyume na mpuuze maneno yote ya "geuka kushoto". Fuateni ramani tu.

Muda: sauti ya saa moja ni matembezi ya saa mbili na nusu hadi tatu. Msijaze vituo 30 kwa siku.

Dada_wa_Tramu

Mpanda_Ngazi umemsahau mzee kidogo. Kwa nini asipande tramu namba 28? Inapita Sé, Santa Luzia, Graça, amekaa kitako anasikiliza.

Mpanda_Ngazi

Dada, kwenye karatasi ni kweli. Mchana hakai mtu kitako mle. Imejaa mpaka mlangoni, mzee atasimama akiyumba kwenye kona, na vibaka wa Lisbon ofisi yao ndiyo ile: mtu ana hedifoni masikioni, macho dirishani, simu mfukoni. Kama ni lazima, iwe alfajiri, mpandie Campo de Ourique kwenye kituo cha mwisho. Tena ziara ya GPS ndani ya tramu haifai, vituo vinapita kabla sentensi haijaisha.

Na tahadhari moja juu ya sauti zilizorekodiwa zamani: nyingi zinakwambia upande Elevador da Glória, behewa la reli la kupandia kilima. Lile lilitoka kwenye reli tarehe 3 Septemba 2025 na watu 16 wakafariki. Ziara yoyote inayolitegemea, tafuteni njia mbadala tangu nyumbani.

Mswahili_Mnazi

Ndugu yangu Mzururaji, la pwani lipo, tena la dhahabu, lakini halimo kwenye ziara za kawaida za katikati ya mji. Liko Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Tafuta monstransi, chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, inayoitwa Custódia de Belém.

Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno, na dhahabu ile ikafika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaagiza itengenezwe chombo cha Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506 kwa mkono wa fundi Gil Vicente. Katikati mitume 12 wamepiga magoti kwa rangi za enameli. Kizunguke taratibu ukiinama kwenye kitako chake: kuna maandishi yanayosema kimetengenezwa kwa dhahabu na kodi ya Kilwa. Dhahabu yenyewe ilikuwa ikitoka bara, ikipitia bandari ya Sofala. Na wakati fundi akiendelea na kazi, mwaka 1505, meli za Mreno Francisco de Almeida ziliivamia Kilwa na kuipora. Hilo kibao cha kwenye kabati hakitakusimulia, lisikilize kabla hujaingia.

Mnafika Jumatatu, na siku hiyo makumbusho haya na monasteri ya Jerónimos vyote vimefungwa. Kwa hiyo Jumatatu mji, Jumanne Belém, mtaa wa kando ya mto iliko Jerónimos. Chukueni treni Cais do Sodré mshuke Belém, muwe mlangoni mwa Jerónimos kabla hapajafunguliwa, maana foleni ya saa nne iko juani. Ukiingia kanisani, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto, la mshairi Camões kulia. Gama alifia Cochin mwaka 1524, mabaki yakahamishiwa hapa mwaka 1880. Mbele, kando ya mto, lipo Padrão dos Descobrimentos, mnara wa kumbukumbu ya safari za Wareno, na sakafuni kwake ramani kubwa ya dunia ya mawe yenye miaka ya safari za Wareno. Mzee akae kwenye ukingo, nyinyi mtembee juu ya Bahari ya Hindi. Mkirudi, basi namba 714 linapita Janelas Verdes, shukeni kwenye makumbusho.

Kama muda unabaki, Rua do Poço dos Negros haiko mbali. Mwaka 1515 Manuel I aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, na mtaa ukabaki na jina. Hakuna cha kutazama pale zaidi ya maduka na tramu, ndiyo maana unahitaji sauti.

Chakula halali: Rua do Benformoso, nyuma ya Martim Moniz, dakika chache kutoka Rossio.

Mzururaji_Ilala

Mmenifungua macho. Limebaki la mzee na Kiswahili. Nimtafsirie kila kituo nikiwa nimesimama naye?

Fundi_Ramani

Hapana mkuu, nyote wawili mtachoka na hamtaona kitu. Mrekodie mwenyewe.

Chagua vituo 12 tu. Kila kimoja andika maneno 200 hivi, ukisoma polepole ni dakika mbili. Zaidi ya hapo mzee aliyesimama anaanza kutafuta pa kukaa. Sentensi ya kwanza iseme atazame wapi ("mbele yako kuna tao, juu yake sanamu"), historia ifuate. Wengi huanza na mwaka na jina la mfalme, msikilizaji bado anageuza shingo.

Rekodi kwa sauti za WhatsApp, chumbani, dirisha limefungwa. Hapa kuna mtego: sauti zinazofuatana WhatsApp huzicheza moja baada ya nyingine yenyewe, mzee atasikia ya Sé akiwa bado ngomeni. Katikati ya kila sauti tuma ujumbe wa maandishi wenye namba na jina la kituo, mnyororo unakatika na yeye anaona ya kubonyeza ni ipi. Zicheze zote kwenye simu yake data ikiwa imezimwa. Hedifoni haihitaji: akiweka simu sikioni kama anayepigiwa, sauti inahamia kwenye spika ndogo ya juu.

Na jambo la mahali. Habari za tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 ziara zote zinazisimulia Praça do Comércio, ambapo ikulu iliyoanguka haipo hata jiwe. Kwa mzee ihamishie Santa Luzia. Ukuta wa nje wa kanisa una picha ya vigae vya bluu inayoonyesha uwanja ule ule kabla ya tetemeko, ikulu ikiwa imesimama. Kuna pa kukaa, mto uko chini. Anasikia mtikisiko, mawimbi ya bahari, moto, huku anakiona kilichopotea.

Mpanda_Ngazi

La mwisho, tiketi. Kila mtu na kadi yake ya Navegante, kadi ya usafiri wa mji; watatu hawatumii moja. Wekeni fedha kwa mtindo wa zapping, yaani salio linalokatwa kila safari; unafanya kazi kwenye basi, metro, tramu na treni ya Belém. Kulipa taslimu kwa dereva wa tramu ni karibu mara mbili ya bei. Kadi haibebi zapping na tiketi ya saa 24 kwa pamoja, kwa hiyo amueni kabla ya kubonyeza mashine.